Hesabu ya Bima: Gari Lahitaji Kinga Kiasi Gani?

Miongoni mwa gharama zote za kumiliki gari, hakuna inayolipwa kwa manung'uniko kama ada ya bima. Petroli huonekana ikiingia katika tangi, na tairi jipya huonekana likifungwa. Lakini aliyelipa ada ya bima hupewa hati tu, na mwaka ukiisha bila ya ajali hujihesabu kuwa ametupa fedha baharini. Kwa sababu hiyo, wenye magari wengi huliamua suala la bima kwa kutazama bei peke yake. Wako wanaochukua bima iliyo rahisi kuliko zote, ili mradi askari wa barabarani asiwasumbue. Wako pia wanaolipa ada kubwa kulinda gari kuukuu ambalo thamani yake imekwisha kushuka, huku wakisahau kuuliza iwapo mtu watakayemgonga atalipwa fidia ya kutosha.

Makala haya yana madhumuni ya kuonyesha kwamba suala hili halihitaji kubahatisha. Hisabati inayofundishwa katika shule za sekondari, pamoja na fizikia kidogo, yatosha kumwongoza mwenye gari. Jambo kuu la kufahamu ni kwamba bima haikubuniwa ili kulipia kila hasara. Imebuniwa kwa ajili ya hasara ambayo mtu akiipata peke yake haitamwinua tena.

Chimbuko la bima

Neno "bima" liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Mikataba ya bima ya vyombo vya baharini ilikuwa ikiandikwa katika miji ya Italia tangu karne ya 14. Wafanyabiashara walitambua kwamba chombo kimoja kikizama, mwenyewe hufilisika. Lakini wenye vyombo wengi wakichangiana, hasara ya mmoja huwa ni maumivu madogo kwa kila mmoja wao. Hapana tofauti kubwa kati ya wazo hilo na desturi ya wanakijiji kuchangia msiba. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa hupewa aliyefikwa na janga.

Katika Tanzania, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara yote ya bima ikawa mikononi mwake. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tangu hapo mwenye gari amekuwa na kampuni nyingi na mikataba mingi mbele yake. Kwa hiyo, kujua kuchagua kumekuwa ni elimu inayohitajiwa na kila mtu.

Mikataba ya bima ya magari imegawanyika katika aina mbili kuu. Ya kwanza ni bima ya mtu wa tatu, ambayo watu wengi huiita bima ndogo. Hii hulipa madhara ambayo gari limewatendea watu wengine. Gari lenyewe halilipiwi hata senti moja. Ndiyo inayolazimishwa na sheria ya bima ya magari, Sura ya 169 ya Sheria za Tanzania, kwa kila gari linalotumia barabara, ili kulipia vifo na majeraha ya watu wengine. Aina ya pili ni bima kubwa, ambayo hulipia madhara hayo na pia uharibifu wa gari lenyewe kwa ajali, moto au wizi. Kati ya hizo mbili hupatikana ya tatu, yaani bima ndogo iliyoongezewa moto na wizi.

Kwa nini wengi wana salama kuliko mmoja

Msingi wa bima ni kanuni ya hisabati iitwayo kanuni ya idadi kubwa. Ilithibitishwa na mwanahisabati wa Uswisi, Jakob Bernoulli, katika kitabu kilichochapishwa mjini Basel mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo yasema kwamba jambo lisilotabirika kwa mtu mmoja hutabirika kwa umati.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba uwezekano wa gari kupata ajali kubwa katika mwaka ni 1 kwa 50, na kwamba kila ajali ya namna hiyo huleta hasara ya shilingi 10,000,000. Mwenye gari moja hajui litakalompata: ama hatapoteza kitu, ama atapoteza milioni kumi. Kampuni yenye magari 100 hutarajia ajali 2, lakini si ajabu ikapata 5 au isipate hata moja. Kampuni yenye magari 10,000 hutarajia ajali 200. Mtawanyiko wa idadi hiyo hupatikana kwa kutafuta kipeuo cha pili cha 10,000 × 0.02 × 0.98, yaani 14. Kwa hiyo, karibu miaka 95 katika kila 100, idadi ya ajali itakuwa kati ya 172 na 228. Kile kilichokuwa kamari kwa mmoja kimekuwa bajeti kwa wengi.

Hasara tarajiwa ya kila gari ni shilingi 10,000,000 zikigawanywa kwa 50, yaani 200,000. Hata hivyo, kampuni haiwezi kutoza 200,000 tu. Ina watumishi, mawakala, kodi na akiba ya kukabili mwaka mbaya. Itatoza, tuseme, 280,000. Hapa ndipo linapozuka swali ambalo mwanafunzi mwerevu hana budi kuliuliza: ikiwa ada daima huzidi hasara tarajiwa, je, anayekata bima si mtu anayekubali kupunjwa kila mwaka?

Mfanyabiashara wa St. Petersburg

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1738 na Daniel Bernoulli, mtoto wa ndugu yake Jakob, katika andiko lililochapishwa na chuo cha sayansi cha St. Petersburg nchini Urusi. Bernoulli alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyenunua bidhaa mjini Amsterdam, ambazo zikifika St. Petersburg zitauzwa kwa rubli 10,000. Katika kila meli 100 zinazosafiri majira hayo, 5 huzama. Mtoa bima ataka rubli 800.

Hasara tarajiwa ni rubli 500 tu, kwa hiyo ada imezidi kwa rubli 300. Mtu atazamaye wastani peke yake angesema, "Usikate bima." Bernoulli alisema kwamba jibu lategemea mali nyingine aliyo nayo mfanyabiashara huyo. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha haina uzito uleule kwa watu wote. Rubli mia moja kwa tajiri ni kitu kidogo. Kwa maskini ni chakula cha miezi. Kwa hiyo, badala ya kupima mali kwa hesabu ya fedha, aliipima kwa logi ya fedha hiyo, ambayo hukua upesi pale mali inapokuwa ndogo na kukua polepole inapokuwa kubwa.

Kwa kipimo hicho alipata kwamba, ikiwa mfanyabiashara ana mali nyingine isiyofikia rubli 5,043, yampasa kukata bima hata kwa ada hiyo kubwa. Akiwa na zaidi ya hapo, ni afadhali ajibebee hatari mwenyewe. Tena alionyesha kwamba mtoa bima mwenye mali ya rubli 14,243 au zaidi hufanya jambo la busara kuipokea hatari ileile kwa ada ileile. Pande zote mbili zafaidika, wala hakuna anayepunjwa. Aliye dhaifu amenunua utulivu, na mwenye nguvu ameuza uwezo wake wa kustahimili.

Kutokana na mfano huo hupatikana kanuni ya kwanza ya kuchagua bima. Mtu asiulize, "Je, ajali itatokea?" Na aulize, "Ikitokea, mali yangu yote yaweza kuibeba?" Hasara inayoweza kubebwa na akiba ya mtu haina haja ya bima, hasara inayoweza kumfilisi yahitaji bima hata kama uwezekano wake ni mdogo.

Hasara isiyo na mpaka

Hasara ipi, basi, yaweza kumfilisi mwenye gari? Wengi hufikiri ni kuharibika kwa gari lao. Lakini hasara ya gari ina mpaka: haizidi bei ya gari lenyewe. Gari la shilingi milioni 8 likiteketea lote, mwenyewe amepoteza milioni 8, basi. Madhara anayoweza kuwatendea watu wengine hayana mpaka wa namna hiyo, na sababu yake imo katika fizikia.

Nishati ya mwendo ya gari hupatikana kwa kuzidisha nusu ya tungamo lake kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari lenye tungamo la kilo 1,200, likienda kilometa 50 kwa saa, yaani karibu meta 13.9 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 116,000 hivi. Kasi ikifika kilometa 100 kwa saa, nishati huwa jouli 463,000 hivi, ambayo ni mara nne. Nishati hiyo haina budi kwenda mahali fulani gari linaposimama: katika breki, katika bati lililokunjamana, au katika mwili wa mwenda kwa miguu.

Katika kanuni hiyo hakuna mahali palipoandikwa bei ya gari. Gari kuukuu la shilingi milioni 3 na gari jipya la milioni 60, yakiwa na tungamo moja na kasi moja, yanamgonga mtu kwa nishati ileile. Hii ndiyo sababu ya kanuni ya pili: haja ya kulinda gari lenyewe hupungua kadiri gari linavyochakaa, lakini haja ya kulinda watu wengine haipungui kamwe.

Hesabu ya fidia

Ukubwa wa hasara hiyo huonekana mahakamani. Mtu anayetegemewa na jamaa zake akifa kwa ajali, mahakama za Kenya kwa kawaida hukadiria kipato chake cha mwaka, huchukua fungu lililokuwa likiwafikia wategemezi, ambalo mara nyingi ni theluthi mbili, kisha huzidisha kwa idadi ya miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, kama itakavyoonekana kuwa ni haki.

Ichukuliwe kwamba marehemu alikuwa fundi aliyepata shilingi za Kenya 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 480,000. Theluthi mbili yake ni 320,000. Na kwa miaka 15 ni 4,800,000. Hapo hazijahesabiwa gharama za mazishi wala fidia nyinginezo. Sasa, sheria ya Kenya kuhusu bima ya lazima ya magari, Sura ya 405, haimlazimishi mtu kuwa na bima inayozidi shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Ikiwa mkataba unaishia kwenye kiwango hicho, shilingi 1,800,000 zilizobaki zamwangukia mwenye gari mwenyewe. Ikiwa waliokufa ni wawili, hesabu hujirudia.

Inafaa kutazama jambo hili kutoka upande wa pili pia. Mjane wa fundi huyo hakuchagua kampuni ya bima wala hakusoma mkataba wowote. Uamuzi uliofanywa na mtu asiyemjua, dirishani kwa wakala, ndio utakaoamua kama watoto wake wataendelea na shule. Hukumu ya mahakama dhidi ya mtu asiye na mali wala bima ni karatasi tu. Hii ndiyo maana nchi nyingi zimeifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima, zikiacha bima ya gari lenyewe kuwa hiari ya mwenye mali. Uingereza ilifanya hivyo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1930.

Kwa hiyo, jambo la kwanza kusomwa katika mkataba ni kiwango cha juu cha fidia kwa watu wengine: kwa mtu mmoja, kwa ajali moja, na kwa mali iliyoharibiwa. Pale kampuni inapokubali kukiongeza kiwango hicho kwa nyongeza ya ada, nyongeza hiyo yastahili kufikiriwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kulinda gari lenyewe

Baada ya hapo ndipo yafaa kuuliza kuhusu bima kubwa. Ichukuliwe kwamba bima ndogo ni shilingi 120,000 kwa mwaka, na bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, lakini kampuni haipokei chini ya 250,000. Ichukuliwe pia kwamba katika kila ajali mwenye gari hujilipia mwenyewe shilingi 500,000 za mwanzo.

Gari la shilingi 20,000,000 litatozwa 700,000. Tofauti na bima ndogo ni 580,000, na kwa tofauti hiyo mwenye gari amelindwa dhidi ya hasara ya 19,500,000. Ada ya nyongeza ni kama 1 kwa 34 ya kinachokingwa. Gari kuukuu la 3,000,000 litatozwa ada ya chini kabisa, 250,000. Tofauti ni 130,000 kwa ajili ya kinga ya 2,500,000, yaani kama 1 kwa 19. Ni dhahiri kwamba kila shilingi ya kinga ni ghali zaidi kwa gari kuukuu.

Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake haitoshi, kama Bernoulli alivyofundisha. Mwalimu mwenye akiba ya milioni 5 benki aweza kuiacha bima kubwa ya gari kuukuu na kuongeza hizo 130,000 katika akiba yake kila mwaka. Dereva wa teksi asiye na akiba, ambaye gari hilohilo ndilo jembe lake, akilipoteza amepoteza na mshahara. Kwa huyo wa pili, bima iliyo ghali kihesabu yaweza kuwa ndiyo ya busara. Naye aliyenunua gari kwa mkopo akumbuke kwamba gari likiteketea, deni haliteketei.

Fungu ambalo mwenye gari hujilipia laweza kutumika kama kifaa cha kupunguza ada. Mtu akikubali kujilipia 500,000 badala ya kutojilipia kitu, na kampuni ikampunguzia ada kwa 140,000 kwa mwaka, basi ikiwa hupata ajali moja katika miaka mitano, wastani wa anachojilipia ni 100,000 kwa mwaka. Amebakiwa na 40,000. Lakini sharti hizo 500,000 ziwepo kweli, si katika mawazo.

Thamani itakayoandikwa iwe ile ya kweli ya sokoni. Anayeandikisha gari la milioni 20 kwa milioni 30 haongezi fidia yake, kwa kuwa bima humrudisha mtu mahali alipokuwa, haimtajirishi. Na anayeandikisha kwa milioni 10 ili apunguze ada aweza kukutana na kanuni ya uwiano: uharibifu wa milioni 4 utalipwa kwa nusu tu, yaani milioni 2.

Masharti yanayosahauliwa

Bima iliyo kubwa sana kwenye karatasi yaweza kuwa si kitu ikiwa matumizi ya gari si yale yaliyoandikwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likibeba abiria wa kulipa, kampuni yaweza kukataa dai. Vivyo hivyo kwa dereva asiye na leseni halali. Yapasa pia kuangalia kama abiria wamo katika kinga.

Anayevuka mpaka akumbuke kwamba bima ya nchi moja kwa kawaida haifuati gari hadi nchi nyingine. Kwa ajili hiyo uliundwa mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ulioanza kazi mwaka 1987, ambao humpa msafiri kinga ya mtu wa tatu kulingana na sheria za nchi anayoingia. Tanzania imebaki katika mpango huo ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000.

Zoezi la darasani

Walimu wa hisabati waweza kuutumia mfano wa Bernoulli katika somo la logi. Mfanyabiashara asiye na bima ana uwezekano wa 0.95 wa kuwa na mali yake nyingine pamoja na rubli 10,000, na uwezekano wa 0.05 wa kubaki na hiyo mali nyingine tu. Aliye na bima ana hakika ya mali yake pamoja na rubli 9,200. Mali nyingine ikiwa rubli 2,000, asiye na bima hupata 0.95 × logi ya 12,000 + 0.05 × logi ya 2,000 = 4.0403; mwenye bima hupata logi ya 11,200 = 4.0492. Bima imeshinda. Mali ikiwa rubli 20,000, hesabu ni 4.4683 bila ya bima na 4.4654 kwa bima. Hapa bima imeshindwa. Wanafunzi na wajaribu rubli 5,043 waone jinsi pande mbili zinavyolingana, kisha watie thamani ya gari wanalolijua, na ada yake, mahali pa meli ile.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa bati na mifupa, msemo huo ni kweli, na kupunguza mwendo kutabaki kuwa bora kuliko mkataba wowote. Lakini ufukara unaoifuata ajali una kinga, nayo huchaguliwa kwa kufuata utaratibu: kwanza watu wengine, kwa kiwango cha juu kadiri inavyowezekana; kisha ile hasara ya gari ambayo akiba haiwezi kuibeba; na kinachobaki hubebwa na mwenyewe.